Mtoto Mwenye Kigugumizi: Mwalimu na Mtaalamu Washirikiane

Mwezi huu tunazungumzia kigugumizi, tatizo la usemi ambalo wengi hulifanyia mzaha, kumbe mtoto anaumia.

Kigugumizi huanza mara nyingi mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5, na huwapata zaidi wavulana. Wengi hupona wenyewe. Hakiletwi na mapepo wala ujinga, bali aghalabu hurithiwa. Kukata kimeo hakukitibu hata kidogo, na kunaweza kumtoa mtoto damu hadi kufa.

Kigugumizi kikiendelea, atafutwe mtaalamu wa tiba ya usemi. Hao ni wachache katika nchi zetu. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kuwafundisha mwaka 2008 tu. Hata mzazi akifanikiwa kumpata katika hospitali kubwa, huenda mtoto akamwona mara moja kwa mwezi, wakati mwalimu yuko naye kila siku. Lakini mara nyingi wawili hao hawajuani. Mtaalamu hajui yanayotokea darasani, naye mwalimu hudhani mtoto hajui jibu au ana kiburi. Wapo waliochapwa kwa kunyamaza hivyo.

Mwalimu ndiye anayejua kama mtoto hukwama akisoma kwa sauti lakini si akicheza, kama wenzake humcheka, na kama ameacha kunyoosha mkono. Mtaalamu anayahitaji hayo. Naye humshauri mwalimu asimmalizie mtoto maneno, wala asimwambie "vuta pumzi", bali amsubiri kwa utulivu. Asimwache akingoja zamu yake kwa hofu mstari mzima, amwite mapema. Tena amsomeshe pamoja na mwenzake, kwani wengi wenye kigugumizi hawakwami wakisoma kwa pamoja. Bila shaka mmewaona kanisani: Baba Yetu wanaisali vizuri na kwaya wanaimba, ila salamu tu nje ya mlango huwashinda.

Mzazi anunue daftari dogo. Mtaalamu aandike humo maagizo yake kwa lugha nyepesi, mwalimu aandike aliyoyaona kila Ijumaa, na siku ya kliniki lipelekwe hospitali. Mtoto akipanda darasa, mwalimu mpya apewe daftari hilo siku ya kwanza. Kuhusu kuwaeleza wanafunzi wengine, mtoto aulizwe kwanza. Wengine hupenda, wengine hawataki kabisa.