Orodha za mitaa hatari: zinatuambia nini kweli?

Familia nyingi za makanisa yetu ya mashariki zina mtoto, kaka au shangazi anayeishi Afrika Kusini. Wengine walikimbia vita, wengine walifuata masomo au kazi. Siku hizi, kabla kijana hajapanga chumba Cape Town, mtu wa familia huku nyumbani anachukua simu na kutafuta: ni mitaa gani iliyo hatari? Orodha inatokea mara moja. Majina ni yale yale: Nyanga, Delft, Philippi East, Khayelitsha. Basi anapigiwa simu na kuambiwa asiende kukaa huko. Na kama tayari anakaa huko, kwa sababu ndiko kodi anayoiweza inapatikana, mama yake halali usiku.

Je, orodha hizo zinasema kweli? Tuangalie Cape Town yenyewe. Ni mji unaofaa kwa swali hili, kwa kuwa polisi ya Afrika Kusini inatangaza hesabu zake wazi, kituo kwa kituo, na kila mtu anaweza kuona namna orodha inavyotengenezwa.

Nchi ile ina vituo vya polisi zaidi ya 1,100. Mwaka wa hesabu unaanza tarehe 1 Aprili na kuisha tarehe 31 Machi. Kila kesi inaandikwa katika kituo kimoja, na hesabu zikitangazwa, magazeti yanachukua vituo vyenye namba kubwa na kuvipanga kutoka wa kwanza kushuka. Kwa miaka kadhaa kituo cha Nyanga kilikuwa cha kwanza kwa mauaji katika nchi nzima. Katika mwaka wa 2017/18 kiliandika watu 308 waliouawa, na mwaka uliofuata 289. Waandishi wakaupa mtaa huo jina la makao makuu ya mauaji. Kwa lugha ya Kixhosa, inyanga maana yake ni mwezi.

Jambo moja tuliseme mapema, ili mtu asifikiri tunataka kupaka chokaa ukuta uliopasuka. Watu 308 si uvumi. Kila mmoja alizikwa, na kila mmoja ana familia iliyolia. Kati ya makosa yote, mauaji ndiyo hesabu ambayo ni vigumu kuificha, maana maiti inaonekana. Anayesema kwamba orodha ni maneno ya waandishi tu, anawakosea heshima wenyeji wa Nyanga, ambao wamepiga kelele kuhusu jambo hilo kwa miaka mingi kuliko gazeti lolote.

Shida inaanza tunapouliza orodha ile swali ambalo haikutengenezwa kulijibu.

Kwanza, kituo cha polisi si mtaa. Eneo la kituo cha Nyanga lilikuwa pana kuliko mtaa unaoitwa Nyanga. Ndani yake kulikuwa na sehemu nyingine zenye majina yao, kama Browns Farm na Samora Machel, zilizojaa nyumba ndogo na vibanda vya mabati vilivyobanana. Mtu akiuawa Browns Farm, alihesabiwa Nyanga. Baadaye kituo kipya kilifunguliwa Samora Machel, na damu inayomwagika huko sasa inaandikwa kwenye kitabu kingine. Barabara ni zile zile, watu ni wale wale, ila mstari kwenye ramani umehama, na nafasi katika orodha ikahama pamoja nao.

Pili, namba kubwa inaweza kutoka kwa watu wengi tu. Kata yenye watu 200,000 ikiwa na mauaji 100, na nyingine yenye watu 20,000 ikiwa na mauaji 20, ya kwanza itatangulia katika orodha. Lakini gawa kwa idadi ya watu: ya kwanza ina mauaji 50 kwa kila watu 100,000, ya pili ina 100. Anayeishi katika ile ya pili, ambayo haikutajwa hata mahali, yuko katika hatari mara mbili.

Mtu atasema: basi tugawe kila mara kwa idadi ya wakaaji. Hapo tunaangukia shimo lingine. Kituo cha katikati ya mji, Cape Town Central, kimekuwa miongoni mwa vituo vinavyoongoza Afrika Kusini nzima kwa jumla ya makosa yaliyoripotiwa. Lakini katikati ya mji wanalala watu wachache, na kila asubuhi umati mkubwa unashuka kutoka kwenye treni na mataksi, pamoja na watalii. Mfuko ukikatwa stesheni, kosa linahesabiwa pale, hata kama aliyeibiwa analala kilomita 30 kutoka hapo. Ukigawa makosa ya umati wa mchana kwa watu wachache wanaolala usiku, unapata namba ya kutisha isiyomhusu mtu yeyote.

Na kwa nini kituo hicho kinaandika wizi mwingi hivyo? Sehemu ya jibu ni kwamba pale watu wanaripoti. Mwenye bima ya gari au ya simu anahitaji namba ya kesi kutoka polisi, la sivyo hatalipwa. Katika vibanda vya mabati hakuna bima. Mama aliyeibiwa sufuria na simu ya zamani atalipa taksi ya kwenda kituoni, apange mstari saa tatu, ili apate nini? Kwa hiyo mtaa tajiri unaweza kuonekana una wezi wengi kuliko mtaa maskini, wakati tofauti iko katika karatasi.

Makosa ya madawa ya kulevya yanachekesha zaidi. Mitchells Plain imeongoza mara nyingi kwa makosa hayo. Lakini ni nani anayekwenda kituoni kujiripoti kwamba anauza madawa? Kosa hilo linaandikwa polisi wanapotoka, wanaposimamisha watu na kupekua mifuko. Polisi wakifanya kazi kwa bidii, namba inapanda. Wakibaki ofisini, inashuka, na mtaa unaonekana umetakata. Polisi ya Afrika Kusini yenyewe inayaweka makosa hayo katika fungu lake la pekee, ikieleza kwamba yanagunduliwa kwa kazi ya polisi. Magazeti mara nyingi yanasahau kuliweka neno hilo.

Kuna pia orodha ambazo hazihesabu makosa kabisa. Numbeo, tovuti inayosomwa sana, inapanga miji ya dunia kwa kuwauliza wanaoitembelea maswali kama haya: unaogopa kuibiwa kwa kiasi gani? Unajisikia salama ukitembea peke yako usiku? Miji ya Afrika Kusini kama Pietermaritzburg na Pretoria inakaa karibu na kileleni. Hofu ni jambo la kweli, na mtu anayeogopa anaumia. Ila kinachopimwa hapo ni hofu ya wale wenye intaneti waliopenda kujibu.

Yote hayo yangekuwa mazungumzo ya wataalamu kama orodha ingebaki kwenye karatasi. Haibaki.

Khayelitsha ulianzishwa katika miaka ya 1980, wakati serikali ya ubaguzi ilipokuwa ikiwasukuma watu weusi mbali na mji. Jina lake maana yake ni nyumba mpya. Kufika 2011 wakaaji walikuwa wamechoka: polisi walichelewa au hawakuja, kesi zilipotea, na watu walianza kuwaua washukiwa kwa mikono yao, jambo ambalo sisi huku Kivu hatuhitaji kuelezwa. Mashirika ya wenyeji yakaandika malalamiko. Mwaka 2012 kiongozi wa jimbo, Helen Zille, aliunda tume ya uchunguzi. Waziri wa polisi alikwenda hadi Mahakama ya Katiba kuizuia, akashindwa. Tume hiyo, chini ya jaji Kate O'Regan na Vusi Pikoli, ilitoa ripoti yake mwaka 2014.

Moja ya mambo yaliyojitokeza ni namna polisi walivyogawiwa. Vituo vya mitaa maskini ya watu weusi, mahali ambapo mauaji yalikuwa mengi, vilikuwa na polisi wachache kwa idadi ya watu kuliko vituo vya mitaa tajiri. Hesabu ya kugawa polisi iliegemea makosa yaliyoripotiwa. Fikiri kidogo: mahali ambapo watu wameacha kuripoti kwa sababu polisi hawaji, karatasi inaonyesha makosa machache, kwa hiyo wanatumwa polisi wachache, kwa hiyo watu wanazidi kuacha kuripoti. Nyoka anajila mkia. Wenyeji walipeleka jambo hilo mbele ya Mahakama ya Usawa, na tarehe 14 Desemba 2018 mahakama ilitamka kwamba mgawanyo huo unawabagua watu weusi na maskini. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo inatufundisha kuhusu namba za polisi kuliko orodha zote za magazeti zikiwekwa pamoja.

Kisha kuna ambulansi. Wauguzi na madereva wa ambulansi Cape Town wameshambuliwa na kuibiwa wakiwa kazini, na sehemu kadhaa zilitangazwa kuwa maeneo mekundu: ambulansi haiingii bila kusindikizwa na polisi. Hakuna mwenye haki ya kumlaumu dereva aliyewekewa bunduki kichwani. Lakini mama anayejifungua usiku katika eneo jekundu anangoja ambulansi, na ambulansi inangoja gari la polisi, katika mtaa ambao tumekwisha kuona kwamba polisi ni haba. Neno lililoandikwa kwenye ramani linageuka dakika, na dakika zinageuka mtoto aliyepona au aliyekufa.

Turudi sasa kwa kijana wetu anayetafuta chumba. Hata kama tungekuwa na hesabu safi kabisa, jina la mtaa lingemsaidia kwa sehemu ndogo. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani, Lawrence Sherman na wenzake, walichunguza simu zilizopigwa kwa polisi katika mji wa Minneapolis. Waligundua kwamba nusu ya simu zote zilitoka kwenye karibu asilimia 3 tu ya anwani za mji. Uchunguzi katika miji mingine ulionyesha sura kama hiyo: uovu unajikusanya kwenye kona fulani, baa fulani, kituo fulani cha mataksi, na barabara ya tatu kutoka hapo watu wanaishi kwa amani. Hesabu ya mtaa mzima inawachanganya wote katika sufuria moja. Saa pia zinahusika. Mauaji mengi Afrika Kusini yanatokea mwisho wa juma, wengi wanaouawa ni wanaume, na ugomvi kati ya watu wanaojuana una sehemu kubwa.

Na kuna hatari ambayo inawahusu ndugu zetu kwa namna ya pekee, nayo haionekani kabisa katika orodha: ile ya kuwa mgeni. Mwezi wa 5 mwaka 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianza Alexandra, Johannesburg, yakasambaa hadi Cape Town; watu zaidi ya 60 waliuawa nchini, wakiwemo Waafrika Kusini wenyewe. Mwezi wa 10 mwaka 2019 wakimbizi, wengi wao Wakongomani, waliondolewa kwa nguvu nje ya ofisi za shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa Cape Town, wakaingia katika kanisa la Wamethodisti la Greenmarket Square na kukaa humo miezi kadhaa. Walikuwa wakisema kwamba hawajisikii salama popote katika nchi ile. Kanisa lenyewe liko katikati ya mji, mahali ambapo watalii wanapiga picha. Namba za kituo zinahesabu kesi. Hazisemi kesi hizo zilimpata nani, wala mlango gani ulipigwa kwa sababu ya lugha iliyosikika ndani.

Huku kwetu Goma, Bukavu, Uvira au Beni, orodha tunazipata zaidi kwa mdomo na kwa WhatsApp. Kata fulani inasemwa ina usalama mdogo, na kijana anayetoka huko anaulizwa maswali mawili zaidi anapoomba kazi au anapokwenda kuposa. Nani alihesabu? Alihesabu nini, na lini? Mara nyingi kilichohesabiwa ni ujumbe mmoja wa sauti uliosambazwa mara mia moja.

Kwa mzazi mwenye mtoto Cape Town, simu ya leo jioni inaweza kuwa na maswali mengine badala ya jina la mtaa. Kazi inaisha saa ngapi, na kutoka kituo cha taksi hadi mlangoni anatembea dakika ngapi gizani? Mwenye nyumba anakaa hapo hapo, au anakuja kuchukua kodi tu? Wakongomani wengine katika barabara ile wamekaa muda gani, na majirani waliwatendea namna gani siku za fujo? Mtu akiugua usiku, ambulansi inafika hadi mlangoni au anabebwa hadi barabara kubwa, na ni jirani gani mwenye gari anayekubali kumpeleka?