Mahali pa Juu Hapatoshi

Septemba 2006, mwaka mmoja baada ya kimbunga Katrina, banda la Marekani kwenye maonyesho makubwa ya usanifu majengo ya Venice, Italia, lilijaa michoro ya jinsi ya kuujenga upya mji wa New Orleans. Kuta na matuta ya kuzuia maji yalikuwa yamebomoka tarehe 29 Agosti 2005, na karibu asilimia 80 ya mji ikazama. Wasanifu waliyapa maonyesho yao jina la kueleweka kwa fundi yeyote: baada ya gharika, tujenge mahali pa juu. Watu wasogezwe kwenye ardhi iliyoinuka, wakae kwa kubanana.

Mimi ni mwashi wa Rwimbogo, wilayani Rusizi, Rwanda, na michoro hiyo nimeiona kwenye simu tu. Nimeirudia mara nyingi, kwa sababu huku kwetu mahali pa juu ni habari nyingine kabisa. Sisi tuko mlimani. Chini yetu ni Bugarama, bonde la mpunga, na mto Rubyiro ukifurika ni mashamba ya huko yanayozama. Mgeni angesema tumesalimika. Lakini usiku wa kuamkia 3 Mei 2023, katika mkoa wetu huu wa Magharibi, mto Sebeya ulipokuwa ukivunja nyumba za Rubavu, kwingine mlima wenyewe uliporomoka juu ya watu waliolala. Nchini walikufa zaidi ya 130, na nyumba zaidi ya 5,000 zikabomoka.

Nyingi ya nyumba zetu ni za rukarakara: udongo uliokanyagwa pamoja na nyasi, ukakaushwa juani. Tofali hilo likikaa kavu hudumu miaka na miaka. Maji yakilala miguuni pa ukuta usiku mmoja tu, safu za chini hulainika, ukuta unatitia, kisha unaanguka na paa lake. Ndiyo maana napandisha msingi wa mawe hadi usawa wa goti, na upenu nautoa nje kadiri mbao zinavyoruhusu. Mwenye nyumba akitaka kuupunguza ili aokoe bati moja, nakataa.

Upenu huo ndio uliokosekana New Orleans. Mwaka 2007 mwigizaji Brad Pitt alianzisha mradi uliojenga nyumba 109 katika mtaa wa Lower Ninth Ward, zilizochorwa na wasanifu mashuhuri; mojawapo, ya kampuni ya Morphosis, iliundwa ielee mafuriko yakija. Ziliinuliwa vizuri juu ya nguzo. Ila baadhi zilipewa paa bapa lisilo na upenu, katika mji wa mvua nyingi. Mbao zikaota ukungu, zikaoza, na mwaka 2018 wakazi wakaenda mahakamani.

Maonyesho kama yale ya Venice nayataka sana katika wilaya zetu za Rubavu, Rutsiro na Karongi, tena kwenye kumbi za sekta, wanakopita waliobomolewa nyumba. Kando ya kila nyumba uchorwe mlima mzima: matuta ya ngazi, mfereji, tangi la maji ya paa, na mto unaoyapokea yote. Na baada ya misimu mitano ya mvua, wasanifu warudi wabandike picha za nyumba zilezile, na wenye nyumba wawepo kujibu maswali.