Namba ya Kitakoni

Ukiokota ganda la risasi pembezoni mwa Mto Rubana, wilayani Bunda, ligeuze utazame kitako chake. Katikati utaona kitundu kidogo kilichobonyea, pale sindano ya bunduki ilipogonga, na kukizunguka kuna herufi na namba zilizochongwa: pengine 375 H&H, pengine 458 WIN, pengine 30-06. Ukishatazama, lipeleke kituoni. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hakuna mzaha na vitu hivi, na hata ganda tupu linaweza kukuletea maswali yanayochosha.

Wengi hudhani namba ile ni kipimo cha nguvu, kama kilo 50 zilizoandikwa kwenye mfuko wa saruji. Sivyo. Namba inasema upana wa risasi, na hata huo upana mara nyingi inaukosea. Ile .303 ya Mwingereza kipenyo chake halisi ni .311 ya inchi. Ile .404 ya Jeffery, iliyotumiwa sana na mabwana nyama wa kikoloni, ni .423. Kwenye 30-06, 30 ni upana, lakini 06 ni mwaka tu: 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Anayechagua risasi kwa namba anafanya kama anayechagua mchumba kwa jina.

Tuipasue basi tuone kilichomo. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba ya njano, fataki chini yake, baruti ndani, na kichwa mbele. Fataki hugongwa, hutoa cheche, baruti huwaka na kugeuka gesi, na gesi hiyo husukuma kichwa kipite kwenye mtutu. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda kama kamba, inayokizungusha kichwa ili kiende kimenyooka kama pia inavyosimama ikizunguka. Kinachotoka nje ni kichwa peke yake. Neno letu lenyewe linakumbuka hivyo: risasi ni jina la madini, yale mazito ya kijivu wanayofungia wavuvi wa ziwani kwenye nyavu zao. Na ile “risasi baridi” wanayopiga askari wa wanyamapori kutisha tembo wa shambani ina baruti na mlio, ila haina kichwa.

Nguvu inatokana na uzito wa kichwa na mwendo wake, na mwendo ndio wenye kauli kubwa. Ukiongeza uzito mara mbili, nguvu huongezeka mara mbili. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Chukua risasi ndogo ya .22 na ile ya .223. Kwa upana ni kama ndugu pacha. Ya kwanza hutoa kichwa cha gramu 2.6 kwa mita kama 330 kwa sekunde, na nguvu yake ni jouli 140 hivi. Ya pili hutoa kichwa cha gramu 3.6 kwa mita 990 kwa sekunde: jouli zaidi ya 1,700. Namba zinafanana, lakini moja inamfaa sungura na nyingine ni ya vita.

Historia ya huku kwetu ina mfano mzuri zaidi. Vita vilipoanza 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani, ambao huku Mara walikuwa na boma lao Ikoma, zilikuwa bado zinabeba Mauser ya mwaka 1871. Risasi yake ilikuwa nene, milimita 11, na kichwa chake cha gramu 25 kilisukumwa na baruti nyeusi. Ukipiga mara moja, wingu la moshi mweupe linamwonyesha adui ulipojificha. Ukiiona mkononi utaiogopa. Lakini ile Mauser ya baadaye ya milimita 7, yenye baruti isiyotoa moshi na kichwa kisichofika nusu ya uzito ule, iliipita kwa nguvu: karibu jouli 2,700 dhidi ya 2,400.

Hiyohiyo ya milimita 7 ndiyo iliyompa sifa Mskoti Walter Bell huko Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ambayo leo mwindaji wa kitalii angeiona ni ya swala. Siri yake ni kwamba alipasua fuvu la tembo kwa msumeno akajua ubongo umekaa wapi, kisha akatumia kichwa chembamba, kirefu, kilichovikwa chuma kigumu, kisichopondeka kinapogonga mfupa. Alikuwa na utulivu ambao watu wachache sana wanao. Namsoma Bell kwa mshangao na kwa uchungu pia, maana hesabu yake ni hesabu ya mizoga.

Sheria haiwezi kumtungia kila mtu kanuni kana kwamba ni Bell. Ndiyo maana Tanzania inataka, kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo, bunduki isiwe chini ya .375. Risasi hii inastahili maelezo kidogo, kwa sababu ni kama ilishonewa nchi za joto.

Holland & Holland wa London waliitoa 1912. Kinyume na nyingine, yenyewe haidanganyi: upana wake ni .375 kweli, yaani milimita 9.5. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 19.4 na hutoka kwa mita kama 770 kwa sekunde, jouli zaidi ya 5,700. Ukiiweka kando ya risasi nyingine utaona umbo lake ni jembamba kwenda mbele, na mabega yake ni madogo sana. Hilo si urembo. Baruti ya Waingereza wakati ule ilikuwa nyuzinyuzi ndefu, mfano wa tambi, na ilikuwa na ila moja: risasi ikishinda juani, baruti huwaka kwa ukali zaidi, shinikizo hupanda, ganda hutanuka na kung’ang’ania ndani ya bunduki. London hilo ni kero tu. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa ni mauti. Ganda lililochongoka hujichomoa kirahisi, kama karoti inavyotoka ardhini. Ila kwa kuwa halina mabega ya kutosha kulizuia lisizame mno, walilifunga mkanda wa shaba karibu na kitako. Baadaye watengenezaji wengi waliuiga mkanda huo, hata kwenye risasi zenye mabega ya kutosha zisizouhitaji kabisa. Mitindo nayo ina nguvu zake.

Ukishachagua risasi bado hujachagua kichwa, na hapa ndipo wengi huteleza. Kuna kichwa laini, chenye pua ya risasi tupu, kinachofunguka kama uyoga kikiingia mwilini na kuacha jeraha pana. Hicho ni cha swala na simba, wenye ngozi nyepesi. Na kuna kichwa kigumu, kisichofunguka, kinachosafiri moja kwa moja kupita mfupa na nyama. Hicho ni cha tembo na kiboko. Mtu wa Murangi aliyelala akisikiliza viboko wakitoka ziwani kwenda kula mihogo yake ataelewa kwa nini. Fuvu la kiboko ni jabali. Tena akipigwa akiwa majini, huzama kimya, na mpigaji lazima asubiri saa moja au zaidi hadi gesi ya tumboni imwinue, ndipo ajue kama alipata au alikosa.

Nyumbu wa huku hawana habari na mahesabu yote haya. Wengi wanaouawa na majangili kando ya Serengeti hufa kwa kitanzi cha waya, kisicho na kelele, kisichohitaji leseni wala fataki.

Kwa shabaha, mambo yanageuka kabisa. Karatasi haina ngozi wala mfupa, kwa hiyo nguvu haina kazi. Kwenye Olimpiki, mashindano ya mita 50 hutumia ile .22 ndogo, na mduara wa katikati una upana wa milimita 10.4 tu. Risasi za mashindano hutengenezwa ziende polepole kuliko sauti, chini ya mita 340 kwa sekunde. Kichwa kinachoanza juu ya kasi ya sauti na kushuka chini yake njiani hutikiswa na hewa pale kinapovuka mpaka huo, na mtikiso huo mdogo unatosha kukutoa kwenye medali.

Halafu kuna teke. Aliyepitia JKT, iwe Rwamkoma kule Butiama au kwingine, anakumbuka bega lake siku ya kwanza ya kulenga shabaha. Bunduki ya .375 hupiga teke karibu mara mbili ya 30-06, na .458 huzidi hapo. Bega huzoea. Jicho ndilo halizoei: hujifumba kabla ya mlio, mkono nao hukaza, mtutu huinama, risasi huenda chini. Mtu mwenye 30-06 asiyeiogopa ni mwindaji bora kuliko mwenye .458 anayeitetemekea, ingawa kwa nyati sheria itamnyima ile anayoiweza.

Siku hizi kuna vichwa vya shaba tupu, bila risasi-madini ndani. Vina faida kubwa kwa tai, ambao wakila mabaki ya mnyama aliyepigwa humeza vipande vya risasi na kufa kwa sumu. Katika jimbo la California, marufuku ya kuwinda kwa risasi za madini hayo ilianza kutumika kikamilifu mwaka 2019. Kwetu, ambako tai wanazidi kupungua, suala hili bado halijapata wasemaji wengi.

Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni kwenye kitalu, haanzi safari kwa kumfuata mnyama. Asubuhi ya kwanza huweka boksi la karatasi ngumu mbele ya kichuguu na kumwomba mgeni apige mara tatu, ahakikishe darubini haikuhama ndani ya ndege. Mgeni huangalia matundu kwenye boksi. Mwenyeji huangalia kope za mgeni. Wajanja zaidi huingiza risasi mbovu kati ya nzima bila kusema. Triga inavutwa, bunduki inatoa “tik” tu, na mtutu unaruka wenyewe kama umepigwa teke. Hapo mwenyeji humwambia dereva kwamba leo wataanza na swala.