Mgonjwa wa Kolwezi Halazwi Peke Yake

Ukitaka kujua kama mgonjwa wa Kolwezi, mji wa migodi huku Kongo, ana watu, chungulia chini ya kitanda chake. Mwenye watu utamkuta na mkeka uliokunjwa, beseni, na sufuria ya bukari, ndio ugali wetu, pamoja na sombe, yaani kisamvu, iliyofunikwa sahani. Uani mbabula, majiko ya mkaa, zinafuka moshi tangu alfajiri.

Anayelala kwenye mkeka huo huitwa garde-malade. Ni ndugu aliyetumwa na ukoo: anapika, anamwogesha mgonjwa, anafua shuka, anakimbilia famasia na karatasi ya daktari, na usiku anaiangalia dripu. Nilipotoka Mbeya kuja kujifunza uuguzi huku, nilidhani hayo nayajua, maana hata kwetu ndugu huleta chakula hospitali. Huku ndugu ni nusu ya wodi.

Tena wana adabu yao. Humwendei mgonjwa moja kwa moja na mashine ya presha. Unaanza na mkubwa wa waliopo: "Jambo, papa." Unaulizwa umelalaje, unajibu, ndipo mkono wa mgonjwa unanyooshwa. Upasuaji nao una kikao chake. Kwa Wachokwe, wanaofuata ukoo wa mama, neno la mjomba ni zito. Nimeona ngiri ikingoja mjomba afike kutoka Dilolo.

Wazee wa mji wanakumbuka enzi nyingine. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, na baada yake Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, unga wa posho, na matibabu yake na ya familia yake. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kampuni ikadidimia pamoja na nchi. Mchimbaji anayejitafutia kobalti leo hana kampuni ya kumtibu, kwa hiyo bima yake ni ukoo. Na maradhi hayabaki shimoni. Katika mtaa wa Kasulo watu walichimba hadi ndani ya viwanja vya nyumba zao, na mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba wakazi wake, watoto hasa, walikuwa na kobalti nyingi kwenye damu na mkojo.

Wageni wengi huusifu mno umoja huu. Mimi nausifu nusu. Huyo garde-malade karibu kila mara ni mwanamke, na wakati anakesha hapa, meza yake sokoni haina muuzaji. Hayo hayaandikwi kwenye faili la mgonjwa.

Ila wodi ya wazazi ina siku zake. Wakizaliwa mapasa, yaani mapacha, katika familia ya Kiluba, shangazi na majirani huingia wakiimba nyimbo za matusi ya wazi kwa baba na mama, matusi ambayo siku nyingine yangezua ugomvi. Nilimtazama muuguzi mkuu, nikitegemea atawafukuza. Aliwaomba tu washushe sauti kidogo, kisha akaniambia nikalete shuka safi mbili, maana watoto ni wawili.