Fahamu: Mtaalamu wa masoko mtandaoni analipwa kiasi gani?

Kazi ni ile ile popote: kuandika tangazo, kulilenga kwa wateja wanaofaa, kisha kufuatilia wangapi wamebofya na wangapi wamenunua. Malipo ndiyo yanayopishana kama mbingu na ardhi.

Nchini Marekani, takwimu za serikali za Mei 2023 zinaonyesha mshahara wa kati wa meneja masoko ulikuwa dola 157,620 kwa mwaka. Yaani nusu yao walipata zaidi ya hapo na nusu pungufu. Mchambuzi wa masoko alipata dola 74,680, chini ya nusu ya meneja. Kumbe hata ndani ya nchi moja cheo kinaamua mengi.

Sasa mtazame kijana wa Nairobi anayemfanyia kazi mteja wa Chicago kupitia jukwaa la Fiverr. Wamekubaliana dola 100. Jukwaa linakata asilimia 20, zinabaki 80. Bado kuna ada ya kutoa fedha na hasara ya kubadilisha dola kuwa shilingi. Bando analinunua mwenyewe, na umeme ukikatika kazi inasimama. Akiugua wiki nzima, hakuna anayemlipa. Kwangu mimi, hapo ndipo pengo lenyewe lilipo, kuliko hata kwenye ile bei ya dola 100.

Wanaotangaza bidhaa za wengine mtandaoni kwa kamisheni wana hesabu nyingine: bidhaa isiponunuliwa, hawapati kitu. Na nchini Kenya, tangu Julai 2023, kamisheni hizo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5.