Pembetatu ya Waridi na Bendera ya Rangi Nane

Katika kambi za mateso za Ujerumani ya Hitler, mfungwa alitambulika kifuani kabla hajaulizwa jina. Alishonewa kitambaa cha pembetatu, ncha ikitazama chini. Nyekundu ilikuwa ya wapinzani wa kisiasa, kijani ya wahalifu wa kawaida, zambarau ya Mashahidi wa Yehova. Wanaume waliofungwa kwa kupenda wanaume wenzao walivalishwa waridi.

Nyuma ya kitambaa hicho ilikuwapo sheria. Kifungu cha 175 cha kanuni ya adhabu kilikuwapo tangu 1871, lakini mwaka 1935 Wanazi walikikaza hadi mtu akaweza kutiwa hatiani hata pasipo miili kugusana. Wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa katika utawala huo, na kati ya 5,000 na 15,000 wakapelekwa kambini. Wengi hawakutoka hai. Walinzi waliwatesa, na hata baadhi ya wafungwa wenzao waliwatenga.

Linaloniuma zaidi ni yaliyofuata. Mwaka 1945 kambi zilifunguliwa, lakini kifungu hakikufutwa. Ujerumani Magharibi iliendelea kukitumia kama Wanazi walivyokiacha hadi 1969, na hakikuondoka kabisa katika vitabu vya sheria hadi 1994. Aliyeokoka kambini aliweza kushtakiwa tena. Basi nani angethubutu kusimulia? Habari za Josef Kohout wa Vienna, aliyepitia kambi za Sachsenhausen na Flossenbürg, zilitoka kitabuni mwaka 1972 chini ya jina la kubuni, Heinz Heger. Pembetatu yake sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi huko Washington.

Katika miaka hiyo ya 1970 wanaharakati wa Ujerumani Magharibi waliichukua alama hiyo na kuivaa kwa hiari yao, ili nchi ikumbuke ilichotaka kusahau. Mwaka 1987, Ukimwi ukiwa unaua vijana wa New York huku serikali ikisuasua, mabango meusi yalibandikwa mitaani yakiwa na pembetatu ya waridi, safari hii ncha ikitazama juu, na chini yake maneno yaliyosema kwamba ukimya ni kifo. Kwangu mimi, hakuna alama iliyogeuzwa kwa ujasiri mkubwa kuliko hiyo.

Hata hivyo, si wote walioridhika kubeba alama iliyotoka mikononi mwa muuaji. Gilbert Baker, msanii wa San Francisco, alitaka kitu kizuri kilichozaliwa na watu wenyewe. Akiwa na wenzake wa kujitolea, alitia vitambaa rangi ndani ya mapipa ya taka, wakashona bendera ya upinde wa mvua iliyopandishwa tarehe 25 Juni 1978. Ilikuwa na mistari minane: pinki kwa mapenzi ya mwili, nyekundu kwa uhai, chungwa kwa uponyaji, manjano kwa mwanga wa jua, kijani kwa maumbile, feruzi kwa sanaa, nili kwa utulivu, urujuani kwa roho.

Mistari miwili ilipotea kwa sababu za kawaida kabisa. Novemba mwaka huohuo Harvey Milk, diwani wa jiji hilo aliyejitangaza waziwazi kuwa shoga, aliuawa kwa risasi. Watu wengi wakaitaka bendera, na kitambaa cha pinki hakikupatikana kwa wingi. Mwaka 1979 feruzi nayo ikaondolewa ili rangi zigawanyike sawa pande mbili za barabara ya maandamano. Ndipo zikabaki sita tunazoziona leo. Baker hakutaka hakimiliki. Alitaka kila mtu aweze kuishona.

Alifariki Machi 2017. Juni ya mwaka huo, bunge la Ujerumani lilifuta hukumu zilizotolewa baada ya vita kwa Kifungu cha 175. Wengi wa waliohukumiwa walikuwa wamekwisha kufa.