Ganzi ya taya: kwa nini wakati mwingine "inakataa"

Jino likivimbisha shavu, wengi wetu hapa Nyololo tunamaliza kwanza vidonge vya dukani, kisha maji ya chumvi, kisha siku tatu za kutolala, ndipo tunapanda gari kwenda Mafinga. Tunachomwa ganzi, jino linaguswa, tunaruka. Habari inayorudi nyumbani ni moja: ganzi yao haina nguvu.

Mara nyingi dawa haina kosa. Taya la juu lina mfupa mwepesi wenye vitundu, hivyo dawa ikichomwa kando ya jino hupenya hadi kwenye mzizi. Mfupa wa taya la chini ni mgumu, hasa kwenye magego. Kwa hiyo daktari huufuata mshipa wa fahamu kabla haujaingia ndani ya mfupa, nyuma ya magego, upande wa ndani. Akiupata, baada ya dakika chache nusu ya taya, nusu ya mdomo wa chini na kwa kawaida nusu ya ulimi hufa ganzi. Ndiyo maana anauliza kama mdomo umekuwa mzito. Usimjibu ndiyo ili tu amalize haraka!

Njia hii ilianza New York mwaka 1884, William Halsted alipotumia kokeini, dawa iliyomfanya yeye mwenyewe kuwa mraibu. Leo hutumika zaidi lignokeni.

Mshipa wenyewe hauonekani; hutafutwa kwa kupapasa mfupa, na mifupa yetu haifanani. Hata mzoefu hukosa, akarudia. Tatizo kubwa ni usaha. Penye usaha pana tindikali, na tindikali huzuia dawa kuingia kwenye mshipa. Zile siku tatu za kusubiri ndizo zinazoiharibu ganzi.

Uvimbe ukishuka chini ya taya, mdomo ukagoma kufunguka, kumeza mate kukawa shida au pumzi ikabana, nenda hospitali usiku huohuo. Hiyo inaweza kuua.

Kwa taya lililovunjika kwenye ajali ya bodaboda, baadhi ya mivunjiko hufungwa waya kwa ganzi tu. Mingine huhitaji nusu kaputi.

Ukirudi nyumbani na mtoto aliyechomwa ganzi, kumbuka mdomo wake utabaki mfu kwa saa mbili, tatu au zaidi. Atautafuna bila kujua. Mnyime hata muhogo mpaka ahisi ukimfinya.